Ulichoma Mizizi, Hukukagua Majirani

Kaskazini ya Uingereza,
majira ya baridi

Kwa ndugu yangu Wesley,

"Mche ukishang'olewa na mizizi ikachomwa, hakuna kitu cha kurudi. Rael alipona, kanisa lilishuhudia, ng'ombe akaliwa. Wewe uko mbali, Zeddy. Wacha kumtia mtu mzima baridi."

Hayo ni maneno yako mwenyewe. Niliyasikiliza kwenye simu nimesimama jikoni, koti bado mwilini, na nilipomaliza niliyasikiliza tena ili nisije nikasema sikukuelewa. Nimekuelewa. Nakujibu kwa barua kwa sababu ujumbe wa sauti ungeuzima katikati, nami nakujua. Barua itasomwa na Joan mezani kama kawaida, na mkeo huyo hajawahi kuruka mstari hata ule unaomhusu yeye.

Kabla hatujagombana, chamgei, ndugu yangu. Mama anaendeleaje na magoti yake? Mercy wa Rael aliniambia mvua ya mawe imepiga upande wa Kipkelion. Natumaini iliwapita ninyi huko juu ya Kapsoit na majani hayakuchanika. Mimi ni mzima. Baridi ya huku haina adabu, inaingia hadi ndani ya mifupa, lakini kazi inaendelea. Bado niko katika nyumba ile ya wazee. Ninawaogesha, ninawavisha, ninabishana nao kuhusu siasa za nchi yao, na wao wanasema hawajawahi kuona mtu wa kubadilisha shuka anayesoma magazeti mpaka kurasa za barua. Nimewaambia mimi nilikuwa mwalimu kabla ya kuwa hivi, na mwalimu hastaafu mdomo.

Sasa tuingie shambani, Wesley, maana ni wewe uliyeanza habari ya miche.

Unaukumbuka ule mche wa chai uliokuwa karibu na kisiki cha mti wa kivuli aliokata baba? Nilikuwa nyumbani mwaka ule. Majani yake yaligeuka manjano huku mingine yote ikiwa kijani. Ulipiga magoti, ukabandua gamba la shina pale linapoingia ardhini, ukatuonyesha utando mweupe. Ukanusa, ukasema, "Huu unanuka uyoga. Huu ni mgonjwa wa mizizi." Ukaung'oa. Ulichimba mpaka mizizi midogo kama uzi, ukaianika, ukaichoma. Kazi safi, nilikuheshimu.

Lakini hukuishia hapo, na hapa ndipo ninapokushika mkono. Baada ya moto, ulichukua vijiti ukavichomeka kando ya kila mche uliozunguka lile shimo. Kila ulipokuwa ukipeleka majani kituoni yakapimwe, ulisimama pale ukakagua. Hata jirani yako alikucheka kutoka barabarani: "Wesley, unachungulia nini kwenye shimo? Umezika mtu?" Nawe ukamjibu, "Naangalia jirani zake. Huu ugonjwa hauondoki na mwenyewe."

Na kweli, msimu uliofuata ule mche wa upande wa chini ukaanza manjano. Uliuona kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukaung'oa nao ukiwa bado mmoja, na shamba likapona. Ungengoja mpaka mtu asiyejua chai aone, leo pale pangekuwa uwanja wa kuchezea mpira.

Sasa niambie, ni nani aliyekufundisha kwamba dada yako anastahili uangalizi mdogo kuliko mche wa chai?

Siku ya shukrani ya Rael nilikuwepo. Hema lilikuwa zuri, kwaya iliimba, maziwa ya mursik yalitosha hata kwa watu wa kutoka Sigor waliochelewa. Rael alisimama akasema, "Nilitolewa kizazi, nikapigwa mionzi, na leo nimepona." Tulilia wote, na mimi nililia. Kisha wewe, kama mzee wa kanisa na kaka yetu, ukauleta ule mfuko wake wa hospitali, wa buluu, uliokuwa na leso alizolalia wodini na kadi ya kliniki. Ukasema unauchoma kama mizizi ya mche mgonjwa, ili ugonjwa usipajue tena nyumbani kwetu. Nilisema pale pale, "Wesley, toa kadi kwanza, ana tarehe za kurudi kukaguliwa." Ukaniambia nikasaidie kutoa sufuria.

Basi sufuria nilitoa. Mdomo nilibaki nao.

Ulifanya nusu ya kazi, ndugu yangu. Ile nusu ya moto. Nusu ya vijiti hukuifanya. Na ukizunguka ukisema nusu ile ndiyo kazi nzima, unawadanganya watu wanaokuamini kwa sababu unajua chai.

Nieleze ninachokijua, kwa sababu nimesoma, na nimewauliza wanaofanya kazi hiyo. Saratani aliyokuwa nayo Rael si ile ya mlango wa kizazi ambayo wasichana wanachanjwa. Yake ilianzia katika ngozi laini ya ndani ya kizazi. Madaktari waliondoa kizazi. Ni kweli, kizazi hakipo. Lakini chembe za ugonjwa zinaweza kuwa zilitangulia kutoka, kama mzizi uliovuka chini ya udongo kabla hujaleta jembe. Zinaweza kukaa kimya, kisha zikaota pale juu ndani ya uke ambapo daktari alishona, au katika nyonga, au tumboni, au hata mbali kama kwenye mapafu. Sisemi kwamba lazima zirudi. Wengi hawarudiwi kabisa. Nasema kwamba zikirudi, mara nyingi hurudi katika ile miaka ya mwanzo baada ya matibabu, ambayo ndiyo miaka tuliyomo sasa, nanyi mmefumba macho na kuimba.

Najua unauliza nimejuaje. Nitakuambia, na mtu asimkasirikie Mercy.

Nilipiga simu ya video, Mercy akaishika ili nimwone mama yake akitoka kuchuma. Rael alikuwa anakuja na kikapu, amevaa gamboti mguu wa kulia na ndara mguu wa kushoto.

Nikamwuliza, "Hiyo ni fasheni ya wapi?"

"Ya kwetu," akacheka. "Huu mguu umefura kidogo, gamboti inaukataa."

Mercy akasema nyuma ya simu, "Mama, mwambie mama mdogo ile ingine."

"Ingine gani? Hakuna ingine."

"Mama!"

"Mercy, hebu nipe hiyo simu uende ukaangalie ndama."

Tukabaki wawili. Rael akaketi kwenye kikapu kilichopinduliwa, akaniangalia, akaanza kucheka tena. "Zeddy, nimekuwa msichana. Nitumie pamba kutoka Ulaya."

Sikucheka. Nikamwuliza:

"Tangu lini?"

"Tangu majani yalipoanza kuwa mengi. Si nyingi. Inakuja kahawia kwa petikoti, inaisha, inarudi. Wale mama wa kituoni wanasema ni baraka, ati ujana umekumbuka njia."

"Na mgongo? Mbona unaushika hivyo?"

"Kikapu, Zeddy. Wewe umesahau kikapu?"

"Na mashavu yako yameenda wapi?"

"Tulikuwa tunafunga na wamama wa kanisa."

"Umemwambia nani?"

Hapo aliacha mzaha. Akasema maneno ambayo nataka Joan ayasome polepole: "Nimwambie nani? Nilisimama mbele ya watu nikasema nimepona. Watu walikula ng'ombe. Sasa nirudi niwaambie nini? Watapike?"

Wesley, huyo ndiye Rael aliyekupiga kwa fimbo ulipomwangushia mama maziwa. Hajawahi kumwogopa mtu. Leo anaogopa ng'ombe aliyekwisha kuliwa.

Tazama jinsi mlivyompa kila dalili jina la kuilaza. Damu ni ujana, mgongo ni kikapu, mguu ni gamboti, kukonda ni kufunga. Nimekubali: ukichukua moja moja, kila sababu ni ya kweli. Kikapu kinaumiza mgongo, mimi mwenyewe kiliniumiza. Kufunga kunakondesha. Na mguu kufura huenda kukaletwa na upasuaji wenyewe, maana walimtoa na tezi za nyonga. Lakini huu ugonjwa hauna sauti yake mwenyewe. Unaazima sauti za maumivu tunayoyajua. Ndiyo maana mtu aliyewahi kuwa nao hana ruhusa ya kujitibu kwa sababu za kituoni. Maumivu ya nyonga au mgongo yasiyotulia, tumbo kujaa bila chakula, kukojoa au kwenda choo kukibadilika, kikohozi kinachokataa kuisha, pumzi fupi, mguu mmoja kufura, kukonda usikokupanga: lolote kati ya hayo likikaa, anarudi kwa waliomtibu. Hangojei tarehe ya kliniki.

Na damu haingoji hata kidogo. Nisikilizeni wote mlioko mezani, na wale mama wa kituoni mkawaambie. Damu ya mwezi inatoka katika kizazi. Rael hana kizazi. Mara ya kwanza, kabla ya upasuaji, ilikuja akiwa amekwisha kukoma hedhi, na wakamwambia ni baraka. Haikuwa baraka. Sasa wanamwambia tena neno lile lile, safari hii akiwa hana hata mahali ambapo baraka hiyo ingetokea. Mtu anawezaje kudanganywa mara mbili na uongo ule ule, na mara ya pili ukiwa mbovu zaidi?

Najua pia kwamba ndugu wa kiume haandikiwi habari za petikoti ya dada yake. Nimeandika. Kama aibu ingekuwa dawa, ukoo wetu usingekuwa na makaburi.

Unaniambia nimemtia baridi. Acha nikusimulie juu ya mwanamke mmoja wa hapa, halafu uniambie nani anamtia nani baridi. Tunamwita Bibi Maggie. Aliuza samaki sokoni maisha yake yote na ana ulimi wa kupasua kuni. Alitolewa kizazi kwa ugonjwa huu huu wa Rael, akapigwa mionzi. Siku zake za kukaguliwa zikifika, anavaa koti lake jekundu na kujipaka rangi ya midomo. Nilimwuliza kama anakwenda arusi. Akasema, "Kama kuna habari mbaya, zitanikuta nimependeza."

Asubuhi moja aligonga kengele mpaka nikadhani ameanguka. Nilimkuta ameketi kitandani, gauni la kulalia mkononi.

"Zeddy, kuna damu. Piga simu."

Nikamwambia, "Tulia kwanza, nikuletee chai."

"Nimesema simu! Chai nitakunywa nikirudi. Ninyi watu wa chai mnadhani kila kitu kinangoja chai."

Nilipiga. Wakampangia nafasi mapema, wakamwangalia ndani, wakampapasa, wakachukua kipande kidogo cha nyama wakakipima. Majibu yalipokuja, haikuwa saratani. Mionzi ilikuwa imeiacha ngozi ya ndani nyembamba na kavu, ikapasuka kidogo. Akapewa dawa ya kupaka.

Nikamtania: "Umewasumbua madaktari bure."

Akanitazama kama samaki aliyeoza. "Bure? Nilikwenda na hofu, nikarudi bila hofu. Hiyo unaiita bure?"

Kwa hiyo sikuandikii kusema Rael amerudiwa. Sijui. Wewe pia hujui, na hapo ndipo tunapotofautiana: mimi nakubali kwamba sijui, wewe umepanda kwenye madhabahu na kutojua kwako. Inawezekana ni ngozi iliyochoka kama ya Bibi Maggie. Inawezekana ni ule mche wa upande wa chini. Ukiwa ni ule, basi ukikutwa ungali mmoja, pale kwenye mshono, madaktari wana mambo ya kufanya, na wako wanawake waliotibiwa mara ya pili wakatembea. Sikuahidi. Mimi si mhubiri wa hema. Lakini ukikutwa umeenea, mambo ya kufanya yanapungua, na hakuna wimbo wa kuyaongeza.

Usiniambie kurudi hospitalini ni kukana ushuhuda. Wewe unajua kuliko mimi kwamba hata wakoma wa kale waliotakaswa walitumwa kwa kuhani wakakaguliwe. Kukaguliwa hakukuwafanya wawe na ukoma tena. Rael alisema kweli siku ile. Kwa yote yaliyoonekana kwa macho na kwa mashine, alikuwa mzima, na shukrani ile ilikuwa ya haki. Leo akisema natoka damu, nayo ni kweli. Kweli mbili hazipigani. Kinachopigana ni heshima yako na petikoti ya dada yako, na nimekuja, kwa barua hii, kusimama upande wa petikoti.

Wala usiniambie kadi ilichomwa. Hospitali haikuitibu kadi, ilimtibu Rael. Ana jina, ana kitambulisho, ana kovu. Wakiuliza kadi iko wapi, sema, "Niliichoma mimi." Utaona haya kwa muda mfupi. Ni dawa nzuri, na haina madhara.

Nisalimie mama, mwambie magoti yake nayaombea, na chupa ya mafuta aliyoagiza ipo njiani. Nisalimie watoto wako. Waambie senge yao, shangazi wa Ulaya, bado ana deni la hadithi. Joan, kongoi kwa kusoma mpaka hapa bila kukohoa. Wasalimie wale mama wa kituoni, kwa upendo, na uwaambie sina ugomvi nao ila kwa neno moja, nao wanalijua.

Sasa nina matatu, na kila mmoja ajibebee lake.

Mercy, binti yangu: ingia na mama yako mpaka ndani kwa daktari. Akifika pale atasema "sijambo" kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kumjibu mtu mwenye koti jeupe. Usimwachie. Sema habari ya mguu, ya mgongo, ya nguo zinazomlegea. Na kabla hamjatoka uliza wamwangalie ndani, si kumpa vidonge vya maumivu na kumrudisha.

Rael, dada yangu: sentensi yako ya kwanza, kabla ya salamu, iwe hii: "Nilitolewa kizazi kwa saratani, na sasa natoka damu." Iseme shambani ukichuma. Iseme kwa sauti, miche ikusikie, mpaka isikutetemeshe. Hukumwaibisha Mungu. Yule ng'ombe alikuwa mtamu na hakuna mtu atakayetapika.

Na wewe, Wesley. Jumapili hii simama pale pale uliposimama na kiberiti. Waambie kanisa: "Dada yangu anarudi kukaguliwa, na mimi ndiye ninayempeleka." Usiongeze mahubiri. Jumatatu umngoje mlangoni kwake kabla majani hayajakauka umande, na kama mtu atakupigia kelele kutoka barabarani akuulize unachungulia nini, unalo jibu, ulikwisha kulitoa zamani.

Chomeka vijiti, ndugu yangu. Kagua jirani zake.

Mimi dada yako mdogo, niliyetoa sufuria,

Zeddy